Kihenge cha Mama Justa

Kabari ya tatu iligoma kuingia. Donatus akapiga magoti, akapangusa vumbi kwa kiganja, akaigonga tena kwa nyundo yake fupi, safari hii polepole, huku ameegemeza sikio kwenye nguzo kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Nguzo ikaitika kwa sauti nene iliyotulia. Hapo ndipo aliporidhika, akahamia nguzo iliyofuata.

Alikuwa anajenga kihenge cha kuwekea nafaka. Mtama ulikuwa umekwisha kukauka shambani, na kihenge cha zamani kilikuwa kimeinama upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Kapu lenyewe jipya, kubwa la kumficha mtu mzima akiwa amesimama, lilikuwa limesukwa kwa fito na fundi wa kijiji cha pili. Sasa lilikuwa limelala ubavu kando ya zizi, kuku wakiingia na kutoka kana kwamba wamejengewa wao. Kilichobaki ni kulitengenezea mahali pa kukaa, kisha kulikandika na kulifunika. Kazi hiyo Donatus aliiomba mwenyewe. Tangu arudi Samuye mwishoni mwa mvua, hii ilikuwa kazi ya kwanza aliyoiona akasema moyoni: hii naijua.

Alikwenda mgodini Geita kabla ya vita kuu ya pili, bintiye Justa akiwa bado anabebwa mgongoni. Sasa ilikuwa mwaka 1954, na Justa ameolewa Runzewe, ana watoto wake. Miaka yote hiyo kazi ya Donatus ilikuwa matimba, yale magogo yanayosimamishwa chini ya ardhi kuuzuia mwamba usiwaangukie watu. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha. Alijifunza kwa kusikiliza. Gogo lililokaza hutoa sauti nene, lililolegea hulia kama debe tupu, na lililoelemewa hunong'ona kabla halijavunjika. Kila mwaka alikuja nyumbani likizo, akakaa kidogo, akarudi. Mwisho magoti yakachoka kupanda na kushuka ngazi. Akaagana na wenzake, akapanga nguo katika sanduku lake la bati, akarudi nyumbani kwa mkewe, Paskalia. Siku ile aliposhuka kwenye lori alimwambia, "Mama Justa, nimekuja kupumzika kidogo." Naye akasema, "Karibu sana, Baba Justa," akampokea sanduku.

Lakini kupumzika kulimshinda. Kila alfajiri aliamka kabla ya jogoo, akakaa kitandani akingoja king'ora cha mgodini kilie, na king'ora hakilii. Wakati huo Paskalia amekwisha kutoka. Ng'ombe walimjua Paskalia kwa sauti na kwa mwendo. Yeye Donatus walimtazama kama mtoza kodi. Siku moja alimfunga ndama kwa fundo la mgodini, fundo zuri la kuvutia magogo, na ndama akalifungua kwa kuvuta mara moja tu, akaenda kula choroko za watu. Paskalia akamrudisha ndama, akaomba radhi kwa majirani, akafunga kamba upya. Kwa mumewe alisema neno moja tu: "Haidhuru."

Neno hilo lilimchoma zaidi ya matusi. Alikuwa akipewa kiti pekee chenye mgongo kilichokuwa pale nyumbani, huku mkewe akikalia kigoda. Kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa yake. Maji ya kuoga yalimkuta yamepashwa moto. Na lolote alilolikosea, aliambiwa haidhuru, Baba Justa, haidhuru.

"Mwangaluka, Baba Justa!" Sauti ilitoka upande wa njia. Alikuwa Ngassa, jirani na rika lake, mzee mwembamba asiyepita mahali bila kuacha maneno. "Unafanya nini hapo? Unaizuia mbingu isituangukie?"

"Mwangaluka. Najenga kihenge."

"Kihenge! Mimi nilidhani unamjengea tembo kitanda." Ngassa akaisukuma nguzo moja kwa mkono, kisha kwa bega. Haikutikisika. Akainama akaangalia pale nguzo ilipozama ardhini, mahali palipopigwa kabari pande zote. Akafungua mdomo. Akamtazama Paskalia, aliyekuwa akipepeta uwele mlangoni. Paskalia hakuinua macho, ila ungo ulisimama kidogo mikononi mwake. Ngassa akafunga mdomo, akakohoa.

"Kazi ya mgodini hiyo," akasema. "Sisi wa huku hatuijui."

"Imekosea mahali?"

"Nimesema imekosea? Imekaza, ndugu yangu. Imekaza kabisa." Akaondoka akicheka peke yake, na Donatus akabaki na nyundo mkononi, asijue kama amesifiwa.

Mchana jua lilipokaza, mgeni alifika kwa baiskeli ya kuazima, suruali imefungwa kwa kamba vifundoni. Alikuwa Cornel, mmoja wa vijana waliofanya kazi chini ya Donatus mgodini.

"Shikamoo, mzee wangu! Shikamoo, mama!"

"Marahaba, Cornel! Umefikaje huku?"

"Na lori la mgodi. Limekwenda Shinyanga mjini kuchukua mzigo, kesho asubuhi linapita pale barabarani kurudi. Mimi nimetumwa kwako."

Paskalia alileta maji ya kunawa, akaweka ugali wa uwele na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, kisha akarudi jikoni, hatua chache tu kutoka pale walipokaa. Cornel alikula kwa adabu, halafu akatoa alichotumwa.

"Mzee, tumefungua njia mpya chini. Mwamba wa pale si mzuri. Sisi tunasimamisha matimba, lakini hakuna anayeyasikia kama wewe. Mkubwa wetu wa chini amesema nikuambie urudi. Hutapanda ngazi tena kwa miguu, utashushwa na kupandishwa. Utakuwa nyapara wa matimba yote. Na chumba cha matofali, chenye bati."

Donatus aliumega ugali, akaufinyanga mkononi muda mrefu bila kuuchovya. Alijiona chini kule, taa mkononi, vijana wamenyamaza kimya wakimngoja aseme neno. Kule hakuna aliyekuwa akimwambia haidhuru. Kule kitu chake kikikosewa, mtu anakufa, na kikipatiwa, watu wanarudi nyumbani wakiimba.

Jikoni mwiko ulikuwa umeacha kugonga chungu. Donatus aliusikia ule ukimya. Akangoja. Kama Paskalia angetoka wakati ule akasema, "Mume wangu amechoka, mwacheni," angeshukuru na mambo yangeishia hapo. Paskalia hakutoka.

"Nitakujibu kesho," Donatus akasema.

Jikoni mwiko ukaanza tena.

Baadaye, Donatus alipokuwa akilaza miti ya kukingama juu ya nguzo zake, alimwona mkewe akitoka ndani na sanduku la bati. Alilipangusa kwa kitambaa kibichi nje na ndani, mpaka kwenye pembe zilizobonyea, kisha akaliacha wazi juani.

"Unafanya nini, Mama Justa?"

"Nalianika. Lina harufu ya kufungiwa."

Akarudi ndani. Donatus alitazama lile sanduku linavyometa. Basi ameamua, akawaza. Ananiandalia safari, kama alivyoniandalia kila mwaka. Na wala hakumlaumu. Mwanamke huyu alilima, akavuna, akafuga, akaoza binti, akajenga upya paa lililochukuliwa na upepo, yote peke yake. Mtu aliyekuwa na nafasi katika maisha hayo angekwisha kuiona. Akashika kazi yake tena, lakini sikio lake halikuwa kwenye nguzo.

Jua lilipozama wanaume walikaa shikome, pale nje karibu na zizi ambapo moto wa samadi huwashwa jioni na majirani huja kuota na kuzungumza. Cornel alikuwa amechoka na baiskeli, akalala mapema. Ngassa akabaki akichokoa majivu kwa kijiti.

"Kijana amekuja kukuiba," akasema.

"Amekuja kuniita."

"Utakwenda?"

Donatus alikuwa mtu wa kulipima neno kabla hajalisimamisha. "Kule nikigonga gogo, watu wazima wananyamaza wasikilize. Hapa hata ndama hanisikilizi."

"Ndama wa Paskalia hamsikilizi hata mganga. Umemuuliza mkeo mwenyewe?"

"Nimuulize nini?"

"Kama kuna nafasi."

"Nyumba ni yangu, Ngassa."

"Nani kasema si yako? Nimesema umemuuliza?" Ngassa akainuka, akajinyoosha mgongo. "Nyinyi watu wa mgodini mnasikia mawe yakinong'ona. Mke wako ananong'ona tangu mvua zilipokatika, wewe huna habari. Lala salama, nyapara."

Donatus aliingia ndani na lile swali limemkaa mdomoni. Lakini Paskalia alikuwa amekwisha kugeukia ukuta, na pumzi zake zilikwenda taratibu, za usingizi au za kujifanya. Hakumwamsha.

Alfajiri alikuwa ameamua. Mtu asiye na kazi nyumbani ni mzigo, na yeye hakutaka kuwa mzigo wa mtu aliyembebea mengi. Paskalia alikuwa uani akifagia. Donatus akalifuata sanduku pale pembeni liliporudishwa, akalishika kwa mkono mmoja ili alivute kitandani apange nguo. Halikutoka. Akalishika kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kama limejaa mawe ya dhahabu.

Akafungua mfuniko.

Karanga. Mbegu za karanga zilizochambuliwa moja moja, nyekundu, hakuna hata iliyovunjika. Pembeni choroko katika kitambaa, na masuke ya mtama yaliyofungwa kwa ugwe wa katani, yale makubwa ambayo mkulima huyachagua shambani kabla hajavuna mengine. Nguo zake hazikuwamo.

Akatoka mpaka mlangoni. "Mama Justa, sanduku langu lina karanga."

Paskalia hakuacha kufagia. "Lina mbegu. Choroko ziko upande wa kulia. Usizichanganye."

"Na nguo zangu?"

"Ziko kwenye kamba, pamoja na zangu."

"Cornel ananingoja."

Ufagio ukasimama. Paskalia alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na alipogeuka alimtazama mumewe sawasawa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi.

"Kila mwaka panya wananimalizia mbegu," akasema. "Nalitazama lile sanduku, la bati, lina mfuniko. Najiuliza, hili ni sanduku la safari au ni sanduku la nyumba? Nikangoja useme. Hukusema. Jana kijana anakuuliza mbele yangu, unamjibu kesho. Basi na mimi nikaona niseme la kwangu."

"Mbona hukuniambia tu nibaki?"

"Nilikuambia, mara moja. Mwaka ule wa nzige, nimesimama pale pale barabarani, mtoto ana homa. Ukacheka, ukasema utarudi na khanga. Ukapanda lori." Hakusema kwa hasira. "Khanga ulileta, nzuri tu. Lakini sikurudia kuomba."

Donatus aliukumbuka ule mwaka. Alikumbuka khanga, rangi yake na maua yake. Homa ya mtoto hakuikumbuka kabisa.

"Sasa je?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sasa nimejaza sanduku. Kama unakwenda, zimwage mbegu zangu chini hapa, nikiona, uende."

Donatus alirudi ndani. Paskalia alisikia mfuniko ukifungwa, kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mumewe akatoka tena mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Vizuri," Paskalia akasema, na mara sauti yake ikabadilika, ikapanda, ikawa sauti ile anayowapigia ng'ombe. "Halafu kitu kingine. Zile nguzo zako ni upuuzi mtupu!"

"Eti nini?"

"Upuuzi! Nani alikuambia kihenge kinapandwa ardhini kama muhogo? Hujui nchi hii ina mchwa? Watapanda ndani ya mti kimyakimya, wewe huku nje unaona nguzo imekaza, unagonga, unasikiliza, ndani wanakula. Ikifika mwezi wa kumi mtama wangu wote ni udongo! Kihenge kinakaa juu ya mawe, Baba Justa. Mawe! Mchwa akitaka kupanda jiwe lazima ajenge njia yake ya udongo kwa nje, na mimi asubuhi nikipita na ufagio naibomoa. Mtoto mdogo anayajua hayo!"

Donatus alisimama pale akigombezwa, na kadiri maneno yalivyozidi kumwangukia ndivyo uso wake ulivyozidi kufunguka, mpaka akaanza kucheka.

"Unacheka nini?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu shimo la kwanza."

"Na Ngassa?"

"Ngassa alitaka kusema, nikamzuia kwa ungo."

"Ukaniacha nichimbe mashimo yote, nipige kabari zote!"

"Ulikuja ukisema unapumzika kidogo." Paskalia akaegemea ufagio wake. "Kidogo. Mtu wa kidogo unamgombeza wa nini? Unampa kiti, unampa firigisi, unamwambia haidhuru, anaondoka na moyo mweupe. Wa kugombezwa ni mwenye nyumba."

Donatus alivua kofia yake, akajifuta jasho ambalo halikuwapo.

"Nigombeze tena," akasema.

"Toka hapa! Kang'oe miti yako."

Cornel alikuwa amekwisha kuamka, na kwa kuwa nyumba haikuwa kubwa, alikuwa amesikia yote. Alijifanya anakaza mnyororo wa baiskeli. Donatus akamwita kwenye nguzo.

"Kabla sijaziharibu, njoo. Weka sikio hapa."

Kijana akaweka. Donatus akagonga.

"Unasikia nini?"

"Mti, mzee."

"Sikia tena." Akalegeza kabari moja, akagonga. Akalegeza ya pili, akagonga. Kisha akaikaza upya. Walizunguka nguzo zote namna hiyo, mzee akilegeza, kijana akisikiliza, mwanzoni akibahatisha, baadaye akianza kujibu kabla hajaulizwa. Walipofika ya mwisho Donatus alimwambia afumbe macho, akagonga. Cornel akakunja uso.

"Hii imelegea. Upande wa kule."

"Kule wapi?"

"Kwenye zizi."

Ilikuwa kweli. Donatus akampa ile nyundo fupi, mpini wake umekuwa mweusi kwa kushikwa. "Mwambie mkubwa wetu nimemshukuru sana. Mwambie nina kazi. Na wewe, usiwe na haraka chini kule. Ukitilia shaka, watoe watu kwanza, ndipo ugonge. Hapa siihitaji nyundo hii. Nasikia mambo ya huku yanafungwa kwa kamba."

"Kwa magome ya mti!" Paskalia akapaza sauti kutoka zizini. "Na fundo si lile lako!"

Cornel akacheka, akaipokea nyundo kwa mikono miwili, akamwamkia mama tena ingawa walikwisha kuamkiana, akapanda baiskeli. Muda si mrefu lori lilisikika barabarani. Liliunguruma, likasimama, likaunguruma tena, likaenda zake. Donatus alikuwa ndani ya shimo, anang'oa kabari, na hakuinua kichwa.

Kazi ya kubomoa ilikuwa ngumu kuliko ya kujenga, kwa sababu alikuwa amejenga vizuri. Paskalia alikuja na jembe akachimbua pembeni, wakaivuta miti kwa kamba, yeye mbele, mumewe nyuma, wakianguka wote wawili kila mti ulipochomoka. Mchwa walikuwa wamekwisha kuonja mmoja. Paskalia akamwonyesha njia zao nyembamba chini ya gome, na Donatus akazitazama kwa heshima, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake.

Mawe yalikuwa kwenye miamba, ng'ambo ya shamba la mtama. Donatus alitaka yaliyo bapa chini. Paskalia alitaka yaliyo bapa juu. Wakabishana kila jiwe. Waliyaviringisha kwa mti wa kubinulia, wakipumzika, wakiviringisha. Magoti ya Donatus yalilalamika kama siku zote, lakini huku hapakuwa na ngazi, na mtu angeweza kukaa juu ya jiwe lake mwenyewe akapumua apendavyo. Alipolisimamisha la kwanza uani, aliinama kwa mazoea akaligonga kwa ngumi, akatega sikio.

"Linasemaje?" mkewe akauliza.

"Linasema limechoka."

"Haya basi, mmefanana."

Jua liliteremka, na jiwe la mwisho lilikuwa bado katikati ya njia, kati ya mtama na zizi, limekwama kwenye mfereji mdogo wa maji ya mvua. Donatus akaushika tena mti wa kubinulia.

"Liache," Paskalia akasema. "Kesho."

"Mgodini hatuondoki na kitu hakijasimama."

"Mgodini kuna mwamba juu ya kichwa. Hapa juu kuna nini?"

Akatazama juu. Palikuwa na mbingu tu, imeanza kuwa ya rangi ya zambarau, na korongo wachache wakirudi wanakolala. Akauweka mti chini. Jiwe likabaki palepale njiani, mbuzi wakilipita pembeni, na kapu la kihenge likabaki limelala ubavu, na kuku mmoja ndani yake akajitengenezea usiku wake.

Walipofika uani walimkuta Ngassa amekwisha kuja kuota moto. Alikuwa amekikalia kile kiti chenye mgongo, miguu ameinyoosha, ametulia kabisa.

"Habari za mbingu?" akauliza.

"Tumeiachia ijishikilie," Donatus akasema.

Alitazama huku na huku, akavuta kigoda kutoka mlangoni pa jikoni, akakaa chini, magoti juu karibu na masikio. Paskalia akapita na ungo wa karanga za kumenya, akamwekea mapajani bila kumuuliza.

"Na usile mbegu," akamwambia.